Salaam ya Dada Yangu Kwenye Kona ya Kikuubo

Assalamu aleikum, ndugu zangu. Na nyinyi ambao si Waislamu, amani iwe kwenu vilevile. Nimeambiwa niseme kwa ufupi, lakini mnanijua. Wengi wenu hamnioni na mimi siwaoni, kwa hiyo machozi yakitutoka leo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Old Kampala. Macho yangu yaliondoka taratibu, kwa ile presha ya macho. Kwanza nilipoteza kuona kwa pembeni, nikawa nagonga milango. Halafu giza likasogea mpaka katikati. Daktari aliposema hayarudi tena, dada yangu mkubwa alikuwa amekaa kando yangu. Hakunipa pole. Aliniambia, "Shika kiwiko changu, twende kazini."

Kazi yetu ilikuwa sokoni, Kikuubo. Tulikuwa na kiduka ndani ya ujia mmoja, tukiwauzia mafundi nguo nyuzi, zipu na vifungo. Mimi nilikaa ndani, nikichambua vifungo kwa vidole. Yeye alisimama nje kwenye kona na meza yake, akiita wateja. Kikuubo kila mtu anaita, lakini dada alianza na salaam, kwa Mwislamu, kwa Mkristo, hata kwa mtu anayepita zake tu. "Salaam aleikum, fundi! Uzi iko, zipu iko, kifungo iko!" Nilikuwa nikimtania kwamba atamaliza salaam zote kabla ya adhuhuri, tutakosa za kesho.

Siku moja aliingia ndani kuchukua kopo la vifungo. Nikasikia kopo limeanguka, vifungo vikitawanyika sakafuni. Nikamwambia, "Polepole, dada." Hakujibu. Nikasema tena, kwa ukali kidogo, maana nilijua ni mimi nitakayeviokota kwa kupapasa. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nagombana na maiti.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini siku ya maziko. Jeneza lilitoka mlangoni, nikasikia sauti za wanaume zikiteremka kilimani, zikipungua, zikapotea. Basi. Huko ndiko kumuaga kwangu. Wenzetu wa sokoni walifunga duka, wakaniletea ufunguo. Niliutundika shingoni nikakaa nao nyumbani. Watu walikuja kunibembeleza nitoke. Kutoka niende wapi, na kiwiko kimezikwa?

Ndipo akaja mwalimu. Ni mama mmoja, mtoto wa polisi, mwenyeji wa kaskazini aliyekulia kambini Nsambya, anayefundisha wasioona kutembea. Akaniambia chuo kimoja hapa mjini kimetengeneza miwani ya uhalisia pepe. Nilikasirika. "Unamletea kipofu miwani?" Akacheka. "Hii si ya kuona, mama. Hii ya kusikia."

Kwa wale ambao hawajaivaa, niwaeleze. Unavaa kitu kichwani, masikioni unasikia mtaa mzima. Ukigeuza kichwa, sauti nazo zinageuka, kama uko pale kweli. Mkononi una fimbo fupi. "Ukigusa" ukuta ambao haupo, inatetemeka. Unajifunza njia ukiwa chumbani, hakuna gari la kukugonga. Na mtaa waliourekodi ulikuwa Kikuubo.

Nikaivaa. Nikasikia pikipiki, nikasikia wabeba mizigo wakipiga kelele wapishwe, "Fasi! Fasi!" Nikajibana ukutani kwa woga, na ukuta wenyewe hakuna. Nikatembea kidogo kidogo. Mara, mbele yangu upande wa kulia: "Salaam aleikum, fundi! Uzi iko..."

Nikajibu. "Waaleikum salaam, dada." Nilijibu kwa sauti kubwa, mle chumbani, kama mtu aliyepungukiwa akili. Salaam haiachwi bila jibu, na ulimi wangu haukungoja kuniuliza. Walikuwa wamerekodi zile sauti yeye akiwa hai, na hakuna aliyejua kwamba ni dada yangu.

Sikumwambia mwalimu. Nilianza kwenda mazoezini kila aliponiita, watu wakanisifu kwa bidii. Bidii gani? Nilikuwa naenda kusimama kwenye kona. Nikifika pale nasimama, namsikiliza, namjibu, basi, sisogei. Niliona raha ambayo iliniumiza, nikirudi nyumbani siwezi kula.

Mwishowe mwalimu akauliza, "Mama, wewe kila siku nasimama pale tu. Pale iko nini?"

Nikamwambia. Nikasikia anavuta kamasi. Akasema, "Wale wa chuo wanaweza kutoa hii sauti."

Nikashika ile miwani kwa mikono miwili. "Msimguse!"

"Sawa, mama. Hatugusi." Akaongeza, "Lakini dada yako naita watu. Wakienda kwa duka, wanakuta nani?"

Ndugu zangu, swali lile lilinikalisha chini. Ufunguo ulikuwa hapa, kifuani. Nililia mpaka shela ikalowa. Kisha nikainuka, nikasema nianze tena.

Nikafika kwenye kona. Akanisalimu, nikamjibu. Nikapiga hatua. Sauti ikaja sikioni kabisa, ikahamia begani, ikawa nyuma yangu. Nilitamani kugeuka. Ikawa mbali, ikapungua, kama zile za wanaume kilimani, ila safari hii niliyekuwa natembea ni mimi. Fimbo ikatetemeka. Mlango wa duka letu. Hapo ndipo nilipomzika dada yangu.

Baadaye nilikwenda Kikuubo yenyewe, mwalimu akinifuata kwa mbali. Kwenye ile kona nilisimama. Palikuwa kimya, yaani kelele zote zilikuwepo isipokuwa moja. Nikatoa salaam mimi. Mwanamke nisiyemjua, aliyepewa ile nafasi, akajibu kwa heshima ya Kiganda, "Waaleikum salaam, nyabo. Kalibu." Nikapita, nikafungua kufuli. Vifungo vilikuwa bado sakafuni. Nikapiga magoti nikaviokota.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu, amekaa hapo nyuma, namsikia anavuta kamasi tena. Nawashukuru majirani wa sokoni waliotunza mlango wangu. Uchungu haujaisha, sitawadanganya. Ninachoweza kuwapa ni hiki: mpende aliyeondoka, lakini usisimame pale alipokuachia.

Na nina ombi moja. Ile sauti sikuiruhusu itolewe, na sijarudi kuisikiliza. Baadhi yenu mtavaa hiyo miwani wiki ijayo. Mkifika kwenye kona, mama mmoja atawasalimu kutoka kulia. Tafadhali, mjibuni. Kisha mpiteni, duka liko mbele, nami nitakuwa ndani.