Wasifu wa Turudie, Mtu wa Filamu Moja

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1969, saa tatu asubuhi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi saa na mwalimu wa chekechea. Dada yake, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu, alikuwa na miaka sita, na anakumbuka vizuri kwamba mtoto alitoka kimya. Mkunga alimpiga kofi la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu ndipo akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani. Jina alilopewa siku ile limo kwenye cheti chake, lakini mtu wa mwisho kulitumia alikuwa karani wa hospitali. Ninyi nyote mlimwita Turudie, na familia imeliandika hivyo kwenye ratiba msije mkadhani mmekosea mazishi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1976 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1986, kwa matokeo ambayo wazazi waliyapokea kwa uvumilivu. Akili alikuwa nayo, ila ilikuwa mahali pengine. Akiwa na miaka kumi alitoboa boksi la viatu, akachomeka tochi na lenzi ya baba ya kukagulia saa, akawa anawaonyesha watoto wa mtaa vivuli vya panya ukutani. Lenzi ikaanguka, ikapasuka, na baba akakaa wiki mbili bila kazi. Dada yake alisema ni yeye mwenyewe, dada, aliyeivunja. Akala viboko vinne, huku marehemu amesimama mlangoni anatazama. Jioni alimfuata uani akamwambia, "Dada, umelia vizuri sana. Ila umeanza mapema. Ungesubiri kiboko cha pili." Dada yake alimfukuza kwa kandambili mpaka kwa jirani.

Mwaka 1989 aliajiriwa katika studio ya picha, kazi yake ikiwa kuchanganya dawa kwenye chumba cha giza. Mei 1996 alifungua studio yake mwenyewe, chumba kimoja kati ya fundi viatu na duka la dawa, chenye pazia la buluu, kiti cha kuzunguka, na taa tatu ambazo moja haikuwahi kuwaka. Alipiga video za harusi, za mahafali na za mazishi. Kwenye mazishi hakuwa na mpinzani, maana alijua kunyamaza na alijua pa kusimama bila kumkanyaga mfiwa. Kwenye sherehe alikuwa balaa. Wingu likipita tu, alisema "Turudie," na bibi harusi akarudishwa juu ya ngazi ateremke upya. Jambo likikaa alivyotaka, alisema "Imekaa." Neno hilo la pili wengi wenu hamkuwahi kulisikia.

Jumamosi, tarehe 5 Septemba 1998, alifunga ndoa na msusi wa saluni ya mtaa wa pili. Kwenye kiapo chake mwenyewe jua lilijificha, naye akamgeukia mfungishaji ndoa na kuomba warudie. Bibi harusi alimwambia mbele ya watu wote, "Mimi nimeshakubali mara moja. Ukitaka mara ya pili, tafuta mwingine." Walijaliwa binti mmoja, mwaka 2000. Mwaka 2015 wifi alihamia kwa dada zake, akisema amechoka kuolewa na kamera, na hakuna aliyemlaumu. Hawakuachana. Alikuwa akija kila Ijumaa kumnyoa ndevu, wakigombana tangu povu la kwanza mpaka taulo.

Sasa inafaa kusema habari ya filamu, maana bila hiyo marehemu haelezeki.

Mwaka 2011, akiwa na miaka arobaini na miwili, alipatwa na filamu kama watu wengine wanavyopatwa na kisukari. Hakuwa na kampuni nyuma yake wala mfadhili. Alikuwa na kamera ya harusi na kiburi. Filamu iliitwa Marehemu Yuko Nyuma, na ni hadithi ya kijana na msichana wa sekondari wanaopendana kwa ujinga wote wa umri ule. Kijana anaiba pikipiki ya jambazi ili amtembeze msichana. Wanaitumbukiza mtoni. Jambazi anaapa kumchinja. Wapenzi wanakaa chini wanaona njia nyepesi ni kijana afe, basi wanaiba jeneza kwa seremala, wanalijaza mifuko ya saruji, wanatangaza msiba. Kipande cha mwisho ni mazishi. Mama anamlilia mwanawe kando ya kaburi, na mwana mwenyewe kasimama nyuma kabisa, kavaa gauni, nywele za bandia na miwani, pembeni yake yule msichana. Wanaanza kucheka. Wanashindwa kujizuia. Kisha kijana anasikia mama yake anavyolia, na kicheko kinamkatikia kooni. Marehemu alisisitiza mpaka mwisho kwamba hii ni filamu ya kuchekesha.

Kijana alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa fundi viatu wa jirani. Msichana alikuwa na kumi na tano, na nje ya kamera walikuwa paka na panya. Nywele za bandia zilitoka saluni kwa wifi, tena zilikuwa za mteja. Dada yake, kwa kuwa ni fundi cherehani, alishona nguo zote, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine, akaigiza mama wa kijana. Walipiga wakati wa likizo za shule, na kamera ikiharibika walisubiri. Wakasubiri sana. Yule kijana aliota ndevu, mabega yakapanuka, na shati la shule likawa halimtoshi. Dada yake alilishona lilelile mara tano, kitambaa kilekile, kila mara kubwa zaidi, ili kwenye filamu ionekane ni wiki moja tu imepita.

Kilichoshindikana ni yale mazishi. Yalihitaji watu mia mbili wa kusimama kaburini. Mara ya kwanza walikuja kumi na mmoja, mvua ikanyesha. Agosti 2013 marehemu alifanya jambo ambalo familia ingependa kulificha, lakini nusu yenu mlikuwepo. Alikuwa ameitwa kupiga video ya mazishi ya bibi mmoja, watu wengi, mwanga mzuri. Bila kumwambia mtu, akawapanga wale wawili nyuma ya waombolezaji, kijana kavaa gauni na nywele za bandia, akawapa ishara wacheke. Walicheka vizuri kupita kiasi. Mjukuu wa yule bibi aligeuka. Kilichofuata ni nywele kurushwa juu, kamera kukanyagwa, na marehemu kukimbia makaburini akiwavuta watoto wa watu kwa mikono. Alilala rumande siku mbili. Baba wa msichana alimzaba kofi mbele ya kituo, naye hakunyanyua mkono.

Alipotoka alikwenda kwa wenye msiba, akapiga magoti mlangoni mpaka wakamfungulia. Kurudi nyumbani alimwambia dada yake, "Nimeiba msiba wa watu, Dada. Sirudii. Nitasubiri mpaka niwe na wangu." Dada yake alidhani ni maneno ya mtu mwenye aibu, akampa chai.

Walikosana mara moja tu kwa kweli, nayo ilikuwa kwa ajili ya mfuko. Shati la nne, mwaka 2016, dada yake alibandika mfuko upande wa kulia badala ya kushoto. Walikuwa wameshapiga siku tatu. "Turudie," akasema. "Nani atatazama mfuko?" dada yake akauliza. "Mimi." Dada yake alifunga mlango, na hawakuongea miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne, ndugu waombolezaji, kwa ajili ya mfuko. Aliyekosea alikuwa dada yake, na alilijua hilo siku ileile. Mwishowe alilishona la tano, akalipiga pasi, akampelekea studio. Marehemu aliutazama mfuko, akasema, "Imekaa." Walicheka mpaka fundi viatu akaja kuchungulia.

Februari 2023 sauti ilianza kumkauka. Aprili hospitali ilithibitisha saratani ya koo, na tarehe 20 Juni alifanyiwa upasuaji uliomwachia uhai na kuchukua sauti. Tangu hapo aliandika kwenye daftari la shule, na lile neno lake "Turudie" alilisema kwa kijiko, akigonga chuma cha kitanda mara mbili. Muuguzi akitandika shuka vibaya, mara mbili. Daktari akieleza jambo haraka haraka, mara mbili. Wagonjwa wenzake walianza kuwagongea wauguzi vikombe nao. Alikonda mpaka saa ya baba ikawa inampanda kiwikoni, na bado akawa anakata na kuunganisha filamu kwenye kompyuta ya binti yake, mto mgongoni. Kufikia Septemba 2024 ilikuwa tayari yote, saa moja na dakika thelathini na nane. Haikuwa na mwisho.

Jumamosi iliyopita, tarehe 5 Oktoba, saa nane mchana, alimpa dada yake daftari. Lilikuwa limeandikwa hivi: "Kipande cha mwisho kipigwe kwangu. Watu watakuja wenyewe. Wawili wakae nyuma, wacheke. Wewe ulie mbele. Usianze mapema."

Dada yake alisoma mara mbili, akasema, "Una wazimu. Nikuzike huku kamera inanitazama? Watu wacheke mimi ninalia? Hapana. Nimekushonea miaka yote hiyo, hili hapana." Marehemu aligonga kijiko mara mbili. Dada yake akasema hapana tena. Akagonga tena. Dada yake akachukua mkoba wake akaondoka, na akiwa kwenye ngazi bado aliisikia ile sauti, mara mbili, mara mbili.

Jumapili hakwenda. Jumatatu hakwenda. Alijiambia ana nguo za wateja. Ukweli ni kwamba aliona akikubali tu, basi amekubali kwamba mdogo wake anakufa, na hilo hakuwa tayari kulikubali kwa mtu yeyote. Jumatatu jioni alilitoa kabatini lile gauni la kijana, akalipanua kiuno, maana kijana sasa ni fundi bomba mwenye kitambi. Jumanne, tarehe 8 Oktoba, alilifunga kwenye mfuko, akaenda hospitali kusema ndiyo. Marehemu alifariki saa nne na robo asubuhi. Dada yake aliingia wodini saa nne na dakika ishirini, akakuta wanamfunika shuka usoni. Muuguzi alimkabidhi daftari, kandambili na kijiko. Dakika tano, jamani. Alisimama kwenye foleni ya lifti, angepanda ngazi angemkuta.

Kwa hiyo kamera mnayoiona kando ya rundo la udongo si ya gazeti wala si ya utovu wa adabu. Inashikwa na binti yake. Asiyependa kuonekana asogee kushoto, karibu na uzio, na hakuna atakayemnung'unikia. Yule mwanamke mnene mwenye miwani, kule nyuma kabisa, ni fundi bomba. Tafadhali asikamatwe. Dada mwenye koti la kijivu aliye pembeni yake ni yule msichana, na leo ni mara ya kwanza wamekuja mahali pamoja bila kutukanana. Kazi yao ni kucheka. Wamejaribu tangu saa mbili asubuhi. Mmoja alifanikiwa mara moja, ndani ya gari, akaishia kulia kwenye dashibodi. Wakishindwa wasilazimishwe. Wakifaulu, naomba mjukuu wa mtu asigeuke.

Dada yake naye anaomba radhi kwa binti mwenye kamera. Aliambiwa asianze mapema, na ameanza tangu Jumanne saa nne na dakika ishirini.

Marehemu ameacha mjane, aliyemnyoa Ijumaa iliyopita na kumnyoa tena jana, binti mmoja, dada mmoja, kijana na msichana, ambao aliwahesabu kuwa wake ingawa wazazi wao hawakuwahi kuafiki, mashati matano ya shule ya rangi moja, na filamu iliyokosa dakika nne.

Kijiko chake kimo ndani ya jeneza, mkono wa kulia. Jeneza likishushwa, tunaomba wenye makoleo wangoje kidogo na watu wote wanyamaze. Dada yake anataka kusikiliza. Angetoa kila alicho nacho kigongwe mara mbili, tuondoke hapa wote, tukaanze upya kuanzia lile boksi la viatu. Kisipogongwa, basi imekaa, mdogo wangu, nawe upumzike.