Åshild Myrvang na Upanga wa Mwanamke wa Brattnes

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mwanaakiolojia wetu Åshild Myrvang anastaafu. Hapa Brattnes, mji wetu wa pwani ya Norwe, wapo waliomwombea astaafu mapema zaidi, naye anawajua kwa majina.

Alianza kwa kuosha mifupa katika chumba cha chini cha makumbusho, akapanda hadi kuongoza uchimbaji wote wa pwani hii. Mwanafunzi anayeshika koleo mahali pa brashi Åshild humkaripia asubuhi, na mchana humlisha mikate ya iliki.

Kilichompa jina, na maadui, ni kaburi la mwanamke wa Kiviking lililofukuliwa enzi za babu zetu. Kwa kuwa alizikwa na upanga, mji mzima ulimfanya shujaa wa vita. Torunn, dada yake Åshild, hata mkahawa wake aliuita Upanga. Ndipo Åshild akaupiga ule upanga picha ya eksirei. Haukuwahi kuwa na makali. Ulikuwa ubapa wa chuma wa kukazia nyuzi wakati wa kufuma, na shujaa wetu alikuwa mfumaji.

Angeweza kunyamaza, lakini wiki hiyohiyo alibadilisha maelezo kwenye kabati la kioo. Mji ulinuna. Torunn alimjia juu mbele ya wateja: "Umemwacha mikono mitupu, maskini! Nani atapanda feri kuja kumwona mfuma nguo?"

"Na hao mashujaa wako wa Kiviking wangefika wapi bila tanga la kufumwa, dada?" Åshild akajibu. "Wangepiga makasia mpaka wang'oke meno!"

Hawakusemezana mwaka mzima. Sisi tulicheka, yeye ilimuuma sana.

Hakubishana tena. Alisimamisha ukumbini mtambo wa kufumia wa kale, akaleta sufu, akawaalika wanawake wa mji wafume tanga. Walikuja wachache. Majira ya baridi ya pili Torunn aliingia na theluji mabegani. "Sogea huko, na usinitazame hivyo," alisema, akashika uzi.

Mwezi Mei mashua iliondoka gatini kwa tanga hilo, bila kasia hata moja, na mji uliomlilia shujaa ukamshangilia mfumaji. Kwa hilo tunamvulia kofia.

Ukingo mmoja wa tanga umepinda. Ni kazi ya Torunn, na Åshild ameagiza kwamba hata akishaondoka, mtu asithubutu kuufumua.

Asante, Åshild. Tunakuombea siku njema, na kahawa ya dada yako uikute ingali moto.