Kisiwa Kilichokula Bahari

Assalamu alaykum, mama zangu. Leo mmenitaka miye niseme, na mnajua kusema si kazi yangu. Kazi yangu kompyuta. Nikilia mnisubiri.

Mume wangu alikufa kwa ajali ya pikipiki, akitoka Tumbe na samaki. Nikakaa eda hapa Wawi na watoto wangu wawili. Shemegi yangu akaja, akasema na miye kwa upole, na upole ndio uliouma: eda ikimalizika, kama sina cha kuwalisha, watoto watakwenda Tumbe kwa bibi yao.

Nilikuwa na kazi moja tu. Mhandisi mmoja alitaka kujua maji yanavyopita kuzunguka kisiwa cha Kojani, wapi mwani utasimama na wapi utachukuliwa. Miye nimchoree bahari ile, kompyuta iikate vipembetatu vidogo vidogo, ndipo ihesabu maji. Kisiwa ndani ya bahari ni tundu, maana pale hapana maji. Ndugu zangu, nakwambieni, kompyuta haijui kisiwa. Unachora ukingo wake, kisha unaweka nukta moja katikati, kuiambia: anza hapa, futa mpaka ukutane na mstari.

Kila nikiiendesha, inafuta Kojani, inafuta na bahari yote. Kioo cheupe. Nikatengeneza hiki, nikatengeneza kile, wapi. Astaghfirullah, nilifika pa kusema heri ningekuwa juu ya pikipiki ile. Na watu wakija kunijulia hali nawajibu alhamdulillahi, nipo. Uongo mtupu.

Eda ilipokaribia kwisha akaja mavyaa wangu, mama wa marehemu. Nikajua kaja kuchukua watoto. Hata chai sikumpa. Nikamwambia, "Mama, nimeshindwa. Wachukue." Nikalia mbele yake, mara ya kwanza tangu maziko.

Akasema, "Miye wangu nimemzika. Nikija kukunyang'anya wako, ntapata nini? Hebu nionyeshe hicho kilichokushinda."

Nikamwonyesha, huku napangusa kamasi. Miye mzaliwa wa Kojani, nikamtajia kila pahala kidole kikifuata mstari: kwa mjomba, mikokoni, bandarini. Bandarini kidole kikakosa mstari. Nilipaacha wazi. Wenzangu wa Kojani mtanicheka, lakini nani kwetu atachora bandari akaiziba? Hapo ndipo tunapoingilia. Mkono ulipaacha wenyewe, na kule kufuta kulikuwa kunatokea hapo kwenda kula bahari.

Nikapafunga, nikaiendesha. Kojani ikabaki tundu, na bahari ikajaa vipembetatu pande zote. Mavyaa akauliza, "Ndiyo imekubali?" Nikainuka kumtilia chai.

Kazi ilipokelewa, na nyingine zikaja. Shemegi aliporudi, mama yake ndiye aliyemjibu: "Watoto wana mama yao."

Sisemi kuwa yamekwisha. Jioni bado nasikiliza pikipiki. Lakini namshukuru Mungu, namshukuru mama yule, na nyinyi mliokuwa mkileta sufuria za chakula mkaziacha bila maswali. Nakuusieni jambo moja: mtu akikuuliza hali, na hali ni mbaya, mwambie. Miye nilificha mpaka nikakaribia kuwatoa wanangu kwa mkono wangu mwenyewe, na bibi yao mwenyewe hakuwa amewataka.