Manju Alipokwenda Kuchungulia Geita

Benchi la Akida, muuza kahawa, liko upande wa kivuli, hatua chache kutoka stesheni ya reli ya Shinyanga, na mwenye haraka zake asikae hapo. Kahawa ni chungu, kashata ni tamu, na maneno ni ya bure, ndiyo maana hayaishi. Jumanne ile benchi lilijaa mapema, kwa sababu Athanas, fundi viatu anayekaa mwisho wa benchi na kibao chake cha vyuma, alikuwa amerudi jana yake kutoka Geita. Jina lake la kijiweni ni Manju, maana ndiye kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bagalu, kama bado mnaweza kukiita kikundi. Mkewe, Nyamizi, ana mgahawa Geita, mwaka wa pili sasa, na anamtaka ahamie. Athanas kwa ubishi wake alimjibu kwamba hahamii mji ambao hajui watu wake wanaimba nini. Akaenda kuchungulia, Jumamosi hadi Jumatatu. Sasa lori la shemeji yake, kaka wa Nyamizi, linapakia mizigo ya Geita mchana, na kabla ya adhuhuri lazima ampigie Nyamizi amwambie anakuja au anabaki.

— Mwangaluka, Manju! Tupe ripoti. Kule kuna utamaduni au kuna vumbi tu?

Huyo alikuwa Stanslaus, dereva wa bajaji. Wanamwita Profesa kwa kuwa husoma hata magazeti yaliyofungiwa vitumbua, mpaka pale mafuta yalipofuta maandishi.

— Vumbi lipo, alisema Athanas, akivuta uzi kwenye soli.

— Si nilisema? Mji hauna makumbusho, hauna jumba la maonyesho, huo ni mji au ni kambi?

— Na hapa makumbusho yako wapi, Profesa? aliuliza Akida huku akimimina.

— Hapa sisi wenyewe ndio makumbusho! Tuangalie tulivyokaa.

Wakacheka. Athanas naye akatabasamu kidogo, lakini moyoni hakuwa na raha. Kuna kitu alikiona Geita na hakutaka kukisema mapema, maana watu wa benchi hili ukiwapa neno moja wanakurudishia limevaa suti.

Feisal akajisogeza. Ni dalali wa dhahabu, jina lake la benchini ni Gramu, na kwa maneno yake mwenyewe huenda Geita kila wiki, ingawa kila wiki yuko hapa benchini.

— Niulizeni mimi, alisema Gramu. Geita ngoma haiwezi kulia. Ile ardhi yote imeshachimbwa, chini ni maduara matupu, mashimo mpaka basi. Ukipiga ngoma, sauti inazama. Inaingia shimoni, unasikia kesho yake.

— Acha fiksi wewe! alisema Akida.

— Fiksi? Nilimsikia mtu anapiga chafya Jumatatu, mwangwi ukatoka Jumatano!

— Sayansi inakubali, alisema Profesa, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. Halafu kuna suala la ngozi. Ng'ombe wa kule wanakula majani yenye vumbi la dhahabu. Ngozi inakuwa nzito. Ukiiwamba kwenye ngoma, inalia kama sufuria.

— Na wachezaji je? aliuliza Gramu. Mtu ana dhahabu mfukoni, ataruka? Ataruka ianguke? Kule wanacheza mabega tu, miguu imetulia, mkono mmoja uko mfukoni.

— Manju, kweli utaishi na watu wanaocheza wameshika mifuko? Baki hapa, baba. Hapa ndipo kwenye ngoma, alisema Profesa.

Akida alimjazia Athanas kikombe ambacho hakikuwa kimeisha, na kahawa ikamwagika. Walikuwa hawataki aondoke, basi, hilo tu. Miaka kumi na moja wamekaa naye, na hakuna aliyejua namna ya kulisema wazi, kwa hiyo walikuwa wanaitukana Geita. Athanas alilijua hilo na likamuuma.

Kile alichokiona ni hiki. Jumapili alasiri, kwenye uwanja nyuma ya soko, vikundi viwili vya wachimbaji vilikuwa vinashindana. Wasukuma hawana refa wa ngoma. Vikundi vinapiga uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wanahamia kule kunakonoga. Atakayebaki na watu ndiye mshindi. Kikundi kimoja kilikuwa na ngoma mbili za ngozi na dumu la plastiki, na mpiga dumu kila mdundo ulipogeuka alikuwa anapotea. Athanas alivumilia mara ya kwanza, akavumilia mara ya pili. Mara ya tatu akajikuta yuko katikati ya uwanja anaomba fimbo. Alipopiga, waliokuwa wanakula chipsi ng'ambo wakavuka na sahani zao. Mwisho mchimbaji mmoja, matope mpaka magotini, akamwuliza, "Mzee, Jumapili ijayo utakuwepo?"

Swali dogo tu. Lakini Athanas hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwuliza hivyo, na usiku ule kwa Nyamizi hakupata usingizi kwa furaha. Asubuhi akaona aibu, akajiona kama mtu anayeisaliti Shinyanga yake, akapanda basi.

— Sasa unampigia shemeji yetu Nyamizi saa ngapi umwambie unabaki? aliuliza Profesa.

Kabla hajajibu, akasimama mbele yao dada mmoja mwenye hijabu ya kijani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, mkanda umekatika.

— Asalaam aleikum. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Lete hapa, alisema Athanas. Mgeni?

— Ndiyo, baba. Naitwa Zuhura, ni mwalimu. Nimehamishiwa hapa kutoka Tanga, wiki ya pili hii.

— Karibu Shinyanga! Profesa alijifuta mdomo. Umefika penyewe. Hapa ndipo kwenye utamaduni, uliza lolote.

— Eh, Mungu awabariki. Nimesikia sana habari za ngoma za huku, nikasema lazima nizione kwa macho yangu. Jumapili hii naweza kwenda kuziangalia wapi?

Profesa akamtazama Gramu, Gramu akamtazama Akida, Akida akaanza kupangusa birika ambalo lilikuwa safi.

— Zipo nyingi, alisema Profesa hatimaye. Tatizo ni... mwelekeo.

— Mtaa gani tu, baba. Mimi nitauliza njia.

Wote walikuwa wanakumbuka jambo lile lile. Mwaka jana baada ya mavuno Athanas aliwaalika, akapiga na wenzake wanne, na waliosimama kutazama walikuwa watoto sita. Akida alikuwa na wateja, Profesa alipata abiria, Gramu alikuwa anaangalia mpira.

Athanas akakata uzi kwa meno, akampa Zuhura ndala yake.

— Geita, alisema. Uwanja wa nyuma ya soko, Jumapili, saa tisa alasiri. Ukifika uliza Manju.

— Ahsante sana, baba, alisema Zuhura, akaivaa ndala, akaenda zake ameridhika.

— Kwa hiyo Geita wametushinda, alisema Profesa kwa sauti ndogo.

— Hatukushindana nao. Nyie hamkuja uwanjani, jamani. Nilikuwa nawangoja.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililowaumiza zaidi. Gramu aliinamisha kichwa. Akida akaliweka birika chini.

— Jumapili sifungui benchi, alisema. Basi la kwanza la Geita linaondoka saa ngapi?

Wote wakamgeukia Gramu, msafiri wa kila wiki. Gramu akatia kashata nzima mdomoni, akaanza kutafuna taratibu sana.

— Saa kumi na mbili asubuhi, alisema Athanas, na huku anacheka, macho yakiwa yamelowa, akatoa simu. — Nyamizi? Mwambie kaka yako aache nafasi ya ngoma tatu kwenye lori. Na Jumapili pika vya kutosha, mke wangu, nina wageni.