Mama Pindo: Kutoka Cherehani Hadi Wodi ya Watoto

Mama Pindo alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, akiwa mtoto wa nne wa karani wa posta na mama mshonaji. Jina hilo alipewa baadaye na wateja wa ushonaji wake, kwani hakuna gauni lililotoka mikononi mwake kabla hajaligeuza na kulikagua pindo. Hata mgeni alipomtembelea, alisalimiwa kwanza, kisha suruali yake ikatazamwa pindo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza sekondari mwaka 1987, akafaulu vizuri baolojia na kemia. Alitamani sana kwenda chuo kikuu. Baba yake alifariki mwaka huohuo, na wadogo zake walikuwa bado wanasoma, hivyo akaketi kwenye cherehani ya mama yake. Alisema ni kwa mwezi mmoja tu. Mwezi huo ulidumu miaka kumi na sita.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi seremala aliyekuja kumtengenezea meza ya kukatia vitambaa. Meza ile ilitengenezwa mara tatu, na wanaoikumbuka wanasema haikuwa mbovu kiasi hicho. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Chumba chao cha mbele kilinukia kitambaa kipya, mafuta ya cherehani na maranda ya mbao, na watoto walijifunza kuhesabu kwa vifungo.

Julai 2003, kitindamimba wao, wa miaka mitatu, alilazwa siku kumi na tisa kwa homa ya mapafu. Muuguzi wa wodi alimfundisha mama kuhesabu pumzi za mwanawe kwa saa ya mkononi. Mtoto alipona, lakini mama aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyeondoka. Akaomba nafasi ya kusomea uuguzi vyuoni.

Machi 2004 zilikuja barua mbili. Moja ilitoka chuo kikuu cha mbali: shahada ya uuguzi, miaka minne ya kukaa bwenini. Ya pili ilitoka chuo cha uuguzi kilichokuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu: stashahada, miaka mitatu. Aliitaka shahada, na umri wake ulikuwa miaka thelathini na sita. Akiiacha nafasi ile, hakujua kama ingerudi. Siku tano barua zilikaa mezani, juu ya kitambaa ambacho hakijakatwa.

"Nenda, mke wangu," mumewe alimwambia. "Watoto nitawapikia."

"Utatupikia nini, baba? Gundi?" akauliza binti yao wa kwanza.

Wote walicheka, isipokuwa kitindamimba. Yeye alimshika mama sketi, akauliza miaka minne ni kulala mara ngapi. Mama alianza kumhesabia, akashindwa kumaliza.

Siku ya sita aliandika barua ya kuikataa shahada, akaipeleka posta mwenyewe. Aliporudi alishona mchana kutwa.

Chuoni alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote. Nyumbani, shoga yake msusi alikuwa akija kumsomea madaftari kwa sauti huku yeye akishona.

"Shoga, neno hili refu kama foleni ya maji! Niliruke?"

"Thubutu! Hilo ndilo litakalokuja kwenye mtihani."

Siku ya kwanza ya kujifunza kushona vidonda, kwenye kipande cha sponji, mishono yake ilinyooka hadi darasa zima likaja kutazama. Kisha akainama, akakata uzi kwa meno. Mkufunzi alivua miwani. "Mama, mshono nimekupa kumi. Meno nimekupa sifuri."

Alihitimu Novemba 2007 na kuanza kazi katika wodi ya watoto tarehe 4 Februari 2008. Vijana wenye shahada walimpita vyeo, naye ndiye aliyewafundisha kutafuta mshipa kwenye mkono wa kichanga. Mwaka 2013, watoto walipokuwa wamekua, alijiunga na masomo ya jioni ya shahada. Baadaye yeye na binti yake wa pili wakawa wanafunzi wa chuo kikuu wakati mmoja, wakigombania meza moja. Alitunukiwa shahada Oktoba 2016, akiwa na miaka arobaini na minane, na baadaye akawa muuguzi kiongozi wa wodi yake.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani. Mchana mmoja wa mwezi Machi kitindamimba wake, sasa mtu mzima, alimuuliza kama aliwahi kujutia barua aliyoikataa.

"Nilijuta," alijibu. "Nisikudanganye, mwanangu. Kila wakitangaza vyeo, nilijuta. Halafu narudi nyumbani saa kumi na moja, nakukuta mlangoni umevaa kiatu kimoja, unanisubiri. Nasahau."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 56. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, dada wawili na kaka mmoja, shoga yake msusi, na wauguzi wa wodi ya watoto wanaomwita mama mpaka leo.

Lala kwa amani, Mama. Nyumbani tupo wote.