Hapo-Tu, Kiongozi wa Njia ya Majaruba

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Hapo-Tu, alizaliwa Jumapili ya tarehe 9 Juni 1957 katika kijiji cha juu, kwenye nyumba ya mwisho kabla mlima haujawa mwamba mtupu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa wazazi wakulima wa mpunga, ambao wote wametangulia. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa. Baba alimtazama mtoto, akamfunika vizuri, akachukua jembe na kutoka kwenda kuokoa ukuta wa jaruba usibomoke. Mama alizoea kulisimulia jambo hilo kama lawama, na kaka alilisikiliza kila mara kama sifa.

Alisoma shule ya msingi katika kijiji cha chini, kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Majaruba ya mpunga yalipangwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, kila moja likishikiliwa na ukuta wake wa mawe, na njia ya shule ilipita juu ya kuta hizo. Zilikuwa mia moja arobaini na tatu. Alizihesabu asubuhi akishuka na jioni akipanda, na hesabu ikikataa alirudi nyuma kuanza upya. Kwa sababu hiyo mwalimu alimwandika mchelewaji kwa miaka saba. Hakuendelea na masomo zaidi, kwa kuwa mikono yake ilihitajika shambani.

Mwaka 1984 alianza kazi ya kuongoza wageni waliotaka kutembea kutwa nzima vijijini na kwenye majaruba. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa ghala la mpunga. Humo mlikuwa na benchi, birika, pipa la fimbo, na viatu vya mpira vya kila saizi vimepangwa chini ya dirisha. Waliondoka saa mbili asubuhi, wakapita vijiji vinne, wakala mchana kijiji cha juu, na saa kumi na moja jioni walikuwa wameketi kwenye benchi wakivua viatu. Kwa miaka thelathini na miwili hakupoteza mtu. Mmoja tu alitumbukia jarubani hadi kiunoni, naye alikuwa akirudi kinyumenyume ili ampige picha kaka, aliyekuwa akimpungia mikono asirudi kinyumenyume.

Jina lake lilitokana na wageni. Mgeni akihema na kuuliza kama bado mbali, kaka alielekeza kidevu mbele na kujibu, "Hapo tu." Alijibu hivyo kwenye ukuta wa ishirini, na alijibu hivyo kwenye ukuta wa tisini. Hakuwa na nia mbaya. Alisema mtu akiambiwa masafa yote kwa mkupuo, miguu humfia palepale.

Alikuwa na utaratibu ambao hatujausikia kwa kiongozi mwingine. Kila mgeni alipewa jiwe moja pale chini, la ukubwa wa mkate, alibebe hadi mahali ukuta ulipolegea. Mvua ya mwaka mzima ilikuwa imeyashusha mawe, na hapakuwa na namna nyingine ya kuyarudisha. Wapo waliocheka, na wapo waliolalamika kwamba wamelipa ada wakafanywa punda. Wote walibeba.

Alifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1988 na karani wa ghala la mpunga. Kabla ya hapo alimpandisha kwenda kuwaona wazazi. Karani aliuliza mara tatu kama bado mbali, na mara tatu akapewa jibu la wageni. Walipofika ukuta wa sitini aliketi chini.

"Mimi si mgeni wako," alimwambia. "Niambie ukweli ndipo niinuke."

Kaka alijikuna kichwa, akakiri kwamba bado saa moja na nusu. Karani akainuka, akakung'uta gauni, akatangulia mbele. Tangu siku hiyo kaka hakumwambia mkewe "hapo tu" katika jambo lolote. Walijaliwa watoto wawili, binti na mwana, na shemeji ndiye aliyewapikia wageni pale juu kwa miaka yote hiyo.

Mwaka 1999 kaka alifanya jambo ambalo mwenyewe alituomba tusilifiche siku ya kusoma habari zake. Ukuta wa thelathini na nane ulikuwa mrefu kuliko mtu, na njia ililazimika kuuzunguka mbali. Wageni wenye umri walichoka. Akautoboa, akajenga ndani yake vidato kumi na viwili vya mawe ili wapande moja kwa moja. Shemeji alisimama chini ya vidato hivyo, akavitazama kwa muda.

"Mume wangu," alisema, "hapo umeyafungulia maji mlango."

Kaka alicheka, na kwa miaka mingi alikuwa na haki ya kucheka. Kila siku ya wageni mawe mapya yalifika, na kila jaruba lilikuwa na mtu wa kufungua na kufunga maji yake.

Shemeji alifariki tarehe 3 Agosti 2013 kwa uvimbe wa tumboni. Alizikwa juu, kando ya ukuta wa mia moja arobaini na tatu, mahali wageni walipokuwa wakila. Miaka mitatu baadaye ikafunguliwa barabara ya lami ng'ambo ya korongo. Wageni wakawa wanafika kwa gari, wanayatazama majaruba kwa mbali, wanapiga picha kwa dakika kumi na kuondoka. Hakuna aliyebeba jiwe tena. Vijana wakaifuata barabara, wazee wakawafuata vijana, na majaruba yakabaki na maji yasiyo na mwenyewe. Kaka aliendelea kufungua ofisi yake kila asubuhi na kuvifuta viatu vya mpira vumbi. Mwanawe alimwambia afunge, akahamie mjini. Alijibu kwamba mama watoto yuko peke yake kule juu.

Asubuhi ya tarehe 17 Aprili 2021 maji yalipita kwenye vile vidato kumi na viwili. Kufikia saa sita mchana kuta kumi na tisa zilikuwa zimeporomoka, na njia pamoja nazo. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hapakuwa na mtu majarubani. Mwaka huohuo familia nne za mwisho za kijiji cha juu zilishuka kwa kamba na mizigo kichwani. Hazikurudi.

Kaka alianza kubeba mawe peke yake, akiwa na miaka sitini na mitatu. Mdogo wake, fundi baiskeli, alimsaidia siku za Jumamosi. Walijenga ukuta mmoja kwa miezi minne, mvua ikauchukua kwa asubuhi moja. Wakajenga tena, ukachukuliwa tena. Kila mvua ilikula ukuta mwingine wa juu ambao hawakuwa wameufikia hata kuutazama. Kaka hakulalamika, ila aliacha kuhesabu kwa sauti.

Septemba 2023 miguu ilianza kumvimba na pumzi kukatika. Hospitalini walisema moyo umepanuka. Alilazwa mara mbili, na Februari mwaka huu aliruhusiwa kurudi nyumbani na dawa, bila ahadi. Alilala katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya mdogo wake, ambacho dirisha lake linatazama mlimani, na binti yake alikuja kumuuguza. Humo alimpa mdogo wake ombi moja.

"Mnilaze juu, kwa mama watoto. Njia itapitika?"

"Itapitika, kaka," mdogo wake alijibu. "Tunajenga."

Kila jioni baada ya hapo aliuliza wamefika ukuta wa ngapi. Mdogo wake alimwambia arobaini. Wiki iliyofuata, hamsini na tano. Kisha themanini, kwa kuwa eti vijana wa barabarani wamejitolea. Kaka aliitikia kwa kichwa, akauliza kama mawe ya pembe yamewekwa chini, akaambiwa yamewekwa. Ukweli ni kwamba hakuna jiwe hata moja lililowekwa. Mvua ya Machi ilikuwa imeondoa hata vile vidato, na hakuna aliyejitolea. Mdogo wake alikuwa karakanani muda wote akiziba pancha. Jumanne ya wiki hii alimwambia wamefika mia moja arobaini na tatu. Kaka alimshika mkono, akasema ahsante.

Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa amebakiza siku ishirini na nne kutimiza miaka sitini na saba. Baada ya kumfunika, binti alimwambia baba yake mdogo kwamba tangu mwezi Machi marehemu alikuwa ameomba kitanda kigeuzwe, kichwa kielekee dirishani, asiuone mlima. Hakusema sababu, na binti hakumuuliza.

Ameacha binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, na mdogo wake mmoja. Ameacha pia jozi ishirini na sita za viatu vya mpira, ambazo mwenye saizi yake anaweza kuchukua baada ya mazishi.

Leo Jumamosi tunamzika hapa chini, kando ya barabara, kwa sababu huko juu hakufikiki. Wanaume sita walijaribu jana bila jeneza, wakaishia ukuta wa thelathini na nane na kurudi. Kutoka hapa hadi kwa mkewe zilikuwa saa mbili na nusu kwa njia ambayo haipo. Mdogo wake alishindwa kuyasema hayo chumbani, naye anayasema sasa, mbele yenu, kwa kuwa mke wa marehemu asingeinuka bila kuambiwa ukweli. Si hapo tu, kaka. Ni mbali, na hatukukufikisha.

Mungu ampe pumziko hapa tulipoishia naye.