Deni Tumelipa, Hukumu Haitaki Kutuacha

Risala ya wakulima wa vitunguu, Mang'ola, kwa Meneja wa Benki wa Mkoa, 1984. Imesomwa na Katibu, Ndugu Natalia Qamara.

Mgeni rasmi, Ndugu Meneja,

Karibu Mang'ola, na pole kwa vumbi. Tumefurahi umekuja mwenyewe kufungua banda letu la kupimia vitunguu, maana kila tukikufuata Arusha tunaambiwa uko safarini. Leo umefika, na hatutakuficha kitu.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu wa Singida, Kondoa na Mbulu. Tulikuja kuwa vibarua kwenye mashamba ya watu, tukabaki, tukachimba mfereji wetu. Maji tunagawana kwa zamu. Zamu ikikupita hugombani na mtu, unasubiri inayofuata.

Benki yako ilitukopesha mbolea na dawa. Masika yakakata barabara, malori hayakufika, vitunguu vikaoza. Tukashindwa kulipa, mkatushtaki Mbulu. Hilo hatulalamikii, kukopa tulikopa.

Kosa letu ni hili. Siku ya kesi iliangukia zamu yetu ya maji. Mwenyekiti wetu, Mzee Bonifasi, akamtuma dereva wa lori amwambie hakimu kwamba tutakuja zamu ijayo. Tulidhani mahakama nayo ina zamu! Hakimu hakuona mtu, akatoa hukumu ya upande mmoja: deni, riba na gharama zote juu yetu. Wa kutupa pole hakuna, wa kutucheka tele.

TULIYOYAFANYA

Tuliuza maksai wote wa kikundi, tukalima kwa jembe la mkono. Mama Domitila, mweka hazina wetu, aliuza mabati aliyonunua kuezekea nyumba yake, na mpaka leo analala chini ya nyasi. Tukamaliza deni lote. Stakabadhi ya mwisho ina mhuri wa benki yako.

YANAYOTUCHOSHA

Tulipokuja kuomba mbolea tena, karani wako alisema, "Nyie mna hukumu." Tukamwonyesha stakabadhi. Akasema, "Kulipa mmelipa, lakini mlishahukumiwa. Nendeni mahakamani wawafute." Mahakamani wakasema benki ndiyo ianze kuandika kwamba imelipwa. Karani akasema hajaagizwa. Jamani, sisi ni mpira? Mama Domitila akamuuliza, "Mtoto akishapona surua, bado utamwita mgonjwa?" Karani akamwomba afunge mlango akitoka.

Wala si benki tu. Duka la pembejeo limesikia, halitukopeshi. Ndugu Elisaria, mwenye lori, naye amesikia. Ananunua vitunguu vyetu kwa bei aitakayo kwa sababu anajua hatuna pa kwenda. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kunyongwa tumeshanyongwa, Ndugu Meneja. Tumechoka!

OMBI

Ombi ni moja. Iandikie mahakama kwamba deni limekwisha, na umwagize karani atutoe kwenye orodha ya wadaiwa sugu, tukopeshwe mbolea kama wenzetu. Miche iko kitaluni, wiki ijayo itakuwa imezeeka. Ardhi hii ya magadi bila mbolea inatoa vitunguu kama gololi. Msimu huu ukipotea, wengi wetu tutarudi kuwa vibarua kwenye mashamba yale yale tuliyoyakimbia.

Tafadhali usituambie kwamba utalishughulikia. Neno hilo tumelishwa mpaka tumevimbiwa. Kama jibu ni hapana, lisemee hapa hapa, tujue.

Mwisho, mgeni rasmi, desturi ni mgeni ale. Mbuzi tumemnunua kwa mchango, amefungwa nyuma ya banda. Wanakikundi wamekubaliana asichinjwe kwanza. Ukisema ndiyo, kisu kimenolewa na maini ni yako. Ukisema hapana, utuwie radhi, kesho tunampeleka mnadani tupate angalau mfuko mmoja wa mbolea.

Mungu akurudishe salama kwako, na akujalie uandike barua hiyo kabla miche haijazeeka.

Ni sisi tunaosubiri jibu lako,
Kikundi cha Wakulima wa Vitunguu, Mfereji wa Juu, Mang'ola.